Barazani kwa Bibi: "Wimbi lile lile, yeye kapona, mume wangu hakurudi"

Barua za mwezi huu ni tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imenikosesha usingizi. Mbili za mwisho ni fupi, na mimi nitajibu kwa kifupi. Walioandika wametumia majina ya kujificha, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha kidogo ili majirani wasianze kunyoosheana vidole.

SWALI

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kayenze. Mume wangu alikuwa mvuvi wa sangara. Miaka yote alivulia tajiri, halafu mwaka jana tukaona tununue mashine yetu wenyewe, ya farasi 15. Tulikopa. Kidogo kilitoka kwenye kikoba changu, kingi kwa watu wa kausha damu mjini.

Mwezi wa sita alikuwa ziwani na mwenzake mmoja. Upepo uliwakuta kabla ya alfajiri wakipandisha nyavu, mtumbwi ukapinduka. Mwenzake aling'ang'ania dumu la petroli mpaka wavuvi wa dagaa wakamwona. Mume wangu aliletwa mwaloni kesho yake.

Huyo mwenzake tunasali naye kanisa moja. Alipopata nafuu alisimama kutoa ushuhuda, akasema alimwita Yesu na Yesu akamjibu. Kanisa zima lilisimama, vigelegele na makofi. Bibi, mume wangu naye alikuwa ameokoka, alikuwa shemasi. Naye aliita, najua aliita. Tangu hapo ushuhuda ule umerudiwa mara nyingi, hata kwenye mkesha wa kanisa jirani, na mimi nakaa natazama sakafu. Sasa nimeacha kwenda. Nikipiga magoti maneno hayatoki, kinachotoka ni machozi, au hasira.

Wapo wanaosema huenda kulikuwa na dhambi nyumbani kwetu. Dada yangu anasema ni laana ya ukoo, nimpelekee nabii mmoja wa mjini laki mbili nipate mafuta na maombi ya kuivunja. Na wale wa mkopo wanakuja kila Jumamosi, wameanza kuyatazama mabati. Nitasimamaje, Bibi? Na kwa Mungu, kumbe kuna watu wa kupona na watu wa kuzama?

Mama Watatu, Kayenze

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana. Mimi ni mtu wa Ukerewe, nimezaliwa nikisikia vilio vya mwaloni, kwa hiyo sikuambii pole ya kuandikwa tu.

Naanza na swali lako la mwisho, maana hayo mengine yote yamening'inia hapo.

Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 12. Herode alimwua Yakobo kwa upanga. Luka anakisema kifo hicho kwa mstari mmoja, basi. Yakobo huyu ni mwana wa Zebedayo, mvuvi, mtu wa nyavu kama mumeo, na mmoja wa wale watatu ambao Yesu alipanda nao mlimani. Herode alipoona Wayahudi wamefurahi akamkamata na Petro, ambaye zamani alikuwa mshirika wa Yakobo katika kazi ya samaki. Usiku malaika akaingia gerezani, minyororo ikaanguka, lango la chuma likafunguka lenyewe. Petro akaenda kubisha kwenye nyumba walikokuwa wakimwombea. Kijakazi Roda alivyofurahi kuisikia sauti yake, akakimbilia ndani kuwaambia watu, akamwacha amesimama nje mlango haujafunguliwa.

Sura moja hiyo. Mfalme mmoja, kanisa moja, Mungu mmoja. Yakobo akafa, Petro akatoka.

Nimeisoma miaka mingi nikitafuta Luka anapoeleza kwa nini. Hakuna. Hasemi imani ya Yakobo ilikuwa haba. Hasemi nyumba ya Zebedayo ilikuwa na laana. Hasemi watu walikesha kwa ajili ya Petro na kumsahau Yakobo. Na Luka si mwandishi wa kuacha mambo, kwani hata jina la kijakazi ametupa. Hapo amenyamaza, na mimi nanyamaza naye. Mtu akikuambia yeye anajua kwa nini mumeo hakurudi na mwenzake akarudi, muulize amesoma wapi.

Halafu mfikirie Yohana, ndugu yake Yakobo. Yeye alikuwa hai. Alikuwa wa kanisa lile lile lililoshangilia Petro kutoka, na kaka yake yuko kaburini. Hatuambiwi alisema nini siku hiyo. Labda naye alitazama sakafu. Lakini hakuna aliyemfuta kwenye hesabu ya mitume kwa sababu hakupiga vigelegele.

Hao wanaonong'ona juu ya dhambi ya nyumbani kwako, Yesu alikwisha kuwajibu. Mnara wa Siloamu uliangukia watu 18 ukawaua. Akauliza, mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe: "Nawaambia, Sivyo." Iko Luka 13. Ukichoka kubishana nao, waambie wakaisome.

Sasa hasira. Umeandika kana kwamba hasira imekuja badala ya sala. Soma Marko 4. Wale waliokuwa chomboni na Yesu, kadhaa wao walikuwa wamelelewa ziwani, wanajua upepo wa kawaida na upepo wa kuua. Maji yanaingia, yeye amelala kwenye shetri juu ya mto. Wakamwamsha wakamwambia, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hayo si maneno ya adabu. Ni lawama. Aliwakemea kwa woga wao, kweli, lakini aliutuliza upepo kwanza, na hakumshusha mtu majini kwa kuuliza. Kisha fungua Zaburi ya 88. Ina mistari 18, nayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikasema nitakusifu, hiyo haigeuki. Na bado imo kitabuni, miaka yote hii watu wa Mungu wanaisoma. Usiku maneno yako yakigoma, soma ya mwenye Zaburi hiyo, kwa sauti, hata ukilia katikati. Mungu haogopi sauti ya mjane. Mimi ninachoogopa ni ule unyamavu wa tabasamu, mtu anayejibu "nimebarikiwa sana" huku amekonda mpaka gauni linamvuka mabegani.

Mwezi Mei 1996 nilikuwa muuguzi hapa mjini. Meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21, imebakiza safari fupi tu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tulikuwa pale uwanja wa Nyamagana watu wakipita kutambua ndugu zao. Mama mmoja alipokea habari kuwa kaka yake amepatikana mzima, akaanza kumsifu Mungu kwa nguvu zake zote. Hatua chache kutoka hapo, mama mwingine alikuwa amemfunua dada yake. Wote wawili walivaa sare za kwaya moja. Yule wa kwanza alipomwona mwenzake alinyamaza, akaenda akakaa chini karibu naye, wakakaa hivyo mpaka jua likawa kali. Hakuikana furaha yake. Aliiweka kando kwanza. Sijasikia mahubiri ya msiba yaliyonifaa kuliko kile kitendo. Wengi waliokufa siku ile wamezikwa pale Igoma, na kila Mei tunakwenda. Wanakuja waliofiwa, wanakuja na waliopona.

Hilo ndilo linalonileta kwa mwenzake mumeo. Usimchukie. Najua ni rahisi mimi kusema. Ng'ambo ya ziwa letu, pale Namugongo nchini Uganda, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto kwa sababu ya imani. Wako watatu waliokuwa wamehukumiwa pamoja nao wakatolewa wasichomwe. Mmoja wao aliitwa Denis Kamyuka. Huyo aliishi, na kwa sehemu kubwa ni kwa kinywa chake tunajua Karoli Lwanga na wenzake walikufaje, walisema nini, walisali vipi. Ushuhuda wake haukuishia kwenye "mimi nilipona". Ulikuwa habari za waliokufa.

Huyo ndugu yenu pale Kayenze ndiye mtu wa mwisho kumwona mumeo akiwa hai. Anayo maneno ambayo ni yako. Mwombe mzee mmoja wa kanisa mwenye busara akae nanyi, usiende peke yako. Muulize mumeo alisema nini, waliomba pamoja au hapana, nani alimpa mwenzake lile dumu. Uwe tayari kwa jibu lolote. Na mimi nikiwa mtu wa wodini nakwambia jambo jingine: mtu anayerudia hadithi moja kila mahali kwa sauti kubwa, mara nyingi yeye mwenyewe halali. Huenda anakuogopa wewe kuliko unavyomwogopa.

Wachungaji mnaosoma hapa, nina neno na ninyi, nalisema bila kuzunguka. Kipindi cha ushuhuda kina maikrofoni kwa aliyepona, aliyepata kazi, aliyejenga. Mjane anakaa benchi moja na hao. Mpeni naye nafasi ya kusema "bado sijaelewa", na kanisa liitikie Amina. Halitabomoka.

Je, urudi kanisani? Ndiyo, ila si kwa masharti ya watu. Kaa nyuma. Ukiona ushuhuda unaanza na moyo umegoma, toka nje ukabembeleze mtoto, ndiyo maana watoto wameumbwa wasumbufu. Usipoweza kuimba, acha wengine waimbe wewe uwepo tu. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne wakamshusha kwa dari, na imeandikwa Yesu "alipoiona imani yao". Yao, wale wabebaji. Mgonjwa mwenyewe hatuambiwi alikuwa anaamini nini siku hiyo. Tafuta wanne wako. Kama hawafiki wanne, wawili wanatosha kuanzia, hata mmoja akiwa jirani wa Katoliki anayekualika jumuiya yao. Wakikusalimu "Tumsifu Yesu Kristo" itikia "Milele amina", hakuna atakayekunyang'anya wokovu wako.

Sasa nabii na deni. Nayaweka pamoja kwa sababu Biblia imeyaweka pamoja, 2 Wafalme 4. Mke wa mmoja wa wanafunzi wa manabii amefiwa na mume, mume alikuwa mcha Mungu, mwenye deni amekuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Ni wewe huyo, tofauti ni mabati. Akamlilia Elisha. Elisha akamuuliza, una kitu gani nyumbani? Chupa ya mafuta. Akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, akasema visiwe vichache. Vikajaa. Akamwambia nenda ukayauze, ulipe deni, wewe na wanao mle kinachobaki. Hesabu pesa inakwenda upande gani. Mjane alitoka na pesa, nabii hakutoka na hata senti. Huyo wa dada yako anataka laki mbili kwanza. Hapana, mwanangu. Hata shilingi elfu mbili hapana. Februari 2020 kule Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawahi mafuta ya kukanyaga, na walikuwa watu wenye shida za kweli kama wewe. Laki mbili ni unga, ni sare za shule, ni nauli ya kwenda mahakamani.

Ndiyo, mahakamani. Tuongee kama watu wazima. Deni la marehemu hulipwa kutoka kwenye mali yake, na anayelishughulikia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Wewe binafsi unadaiwa ulichosaini wewe au ulichodhamini wewe. Kwa hiyo toa makaratasi yote chini ya godoro. Kuna jina la nani? Kuna sahihi ya nani? Cheti cha kifo unacho? Familia ikae, muhtasari wa kikao uandikwe, kisha uanzie Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu, wakuelekeze. Usikubali shemeji akuambie mirathi ni mambo ya wanaume. Na hukuniambia mashine iko wapi. Ilizama, au iliopolewa na mtu "anaitunza"? Kama iko, ni mali ya marehemu, ihesabiwe.

Hao wa Jumamosi, wakija tena, wasikukute peke yako. Mwite mwenyekiti wa mtaa. Waombe mkataba na leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayekopesha watu kwa biashara awe na leseni, na wengi wa kausha damu hulainika ukiitaja. Mtu kuja kung'oa mabati kwa mikono yake bila amri ya mahakama, huko si kudai deni, mwende polisi. Usisaini karatasi mpya yoyote, hata kama wanasema ni ya "kukupunguzia". Kwenye kikoba chako waombe wakusogezee marejesho, na uliza kuhusu mfuko wa jamii. Uliwekwa kwa ajili ya misiba kama huu, na umeuchangia. Wasaidizi wa kisheria wapo, ofisi ya kata itakuonyesha.

Najua uliuliza imani, mimi nimekuletea mikataba. Lakini mtu hawezi kusali vizuri huku anasikilizia pikipiki ya mdai.

La mwisho kwako: kama hulali wiki hadi wiki, huli, au ukianza kuona heri uyafuate maji yaliyomchukua, usingoje. Mwambie mtu siku hiyo hiyo, nenda kituo cha afya, na Bugando kuna madaktari wa afya ya akili. Kwenda huko si kumkosa Mungu. Niandikie tena mkishaongea na yule ndugu. Nitaisubiri barua yako.

SWALI

Bwana Yesu asifiwe Bibi. Nimemaliza chuo, ajira hakuna, naendesha bodaboda ya mtu hapa Igogo. Nafunga kavu siku tatu kila wiki nikimwomba Mungu afungue mlango. Juzi nilisikia kizunguzungu nikiwa na abiria barabara ya Kenyatta. Rafiki yangu anasema hizo ni vita vya kiroho, niongeze ziwe saba. Unasemaje?

Kijana wa Igogo

JIBU

Amen. Nasema ukanywe maji, kisha urudi kusoma.

Kizunguzungu cha mtu ambaye hajanywa maji siku tatu, juani, juu ya pikipiki, sisi wauguzi tunakijua, hakihitaji kukemewa. Kinahitaji maji. Na abiria wako hakufunga, yeye alikuwa anakwenda sokoni. Yesu alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu alijibu usimjaribu Bwana Mungu wako. Hiyo inahusu na barabara ya Kenyatta.

Eliya alikuwa mtu wa maombi kuliko wewe na mimi. Katika 1 Wafalme 19 alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumwongezea siku za kufunga. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akalala. Akaamshwa mara ya pili, akaambiwa ale tena kwa kuwa safari ni kubwa mno kwake. Nguvu ya chakula hicho ndiyo aliyoendea mpaka Horebu, siku arobaini, na huko ndiko Mungu aliongea naye.

Sikukatazi kufunga. Funga siku moja, siku ambayo huendeshi, na jioni ufungue kwa uji. Ila usifunge kama mtu anayemgomea Mungu mpaka asaini. Na siku ambazo hufungi, andika maombi ya kazi, tembea maofisini, jifunze ufundi wa hiyo pikipiki unayoiendesha. Mafundi wazuri pale Igogo nasikia wanapangiwa foleni. Kama bosi wako wa pikipiki anataka hesabu kubwa kiasi kwamba unaruka mlo ili itimie, halafu unauita mlo huo mfungo, hapo tunaongea jambo jingine.

Huyo rafiki wa siku saba mwambie aendeshe yeye.

SWALI

Bibi, mimi ni mzee wa kanisa huku Sengerema. Tunafiwa sana siku hizi, na mimi ndiye ninayetumwa na kikundi kwenda kufariji. Nimekuwa nikisema "kazi ya Mungu haina makosa" na "Bwana ametoa, Bwana ametwaa". Binti mmoja aliyefiwa na mtoto aliniambia, "Mzee, tafadhali usiseme hivyo." Nilikosa la kujibu. Tuseme nini basi?

Mzee wa Kanisa, Sengerema

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Binti huyo amekuheshimu kwa kukuambia. Wengine hutabasamu tu na kusubiri mwondoke.

"Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni neno zuri. Lakini angalia limetoka kinywani mwa nani. Alilisema Ayubu mwenyewe, nguo zake amezirarua, amefiwa na watoto wote. Hakuambiwa na wageni. Wageni walipofika, sura ya 2, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyesema neno, kwa maana waliona mateso yake ni makubwa mno. Hapo walifanya vizuri. Waliharibu walipofungua midomo kuanza kueleza sababu, na sura ya 42 Mungu anasema wazi kwamba hasira yake imewawakia. Mfiwa akilisema yeye neno hilo, itikieni Amina. Asipolisema, msimsemee.

Semeni pole. Litajeni jina la marehemu, semeni jambo moja mnalolikumbuka juu yake, hata la kuchekesha. Nyumba yenye msiba inapenda kulisikia hilo jina, na watu wanaogopa kulitaja.

Na msiende wote siku ya kwanza. Siku ya maziko watu wamejaa mpaka barabarani, maturubai, masufuria, kila mtu anafariji. Baada ya wiki mbili hakuna mtu. Gawaneni kwenye kikundi: nani anakwenda wiki ya tatu, nani ya sita, nani mwezi wa tatu wakati wadai wameanza kuja na shule zimefunguliwa. Bebeni unga, dagaa, sabuni. Mmoja wenu awe anajua kupasua kuni, mwingine awe anaweza kusoma mkataba wa mkopo. Zaburi moja inatosha, na wimbo mmoja, Mzee, maana ninyi watu wa Sengerema mkianza kuimba hammalizi na watoto wa watu wana shule asubuhi.